Mutoto musichana wa masomo akipungukiwa damu: namna ya kumusaidia kule kijijini

Hii naiandika zaidi juu ya bamama, bapapa na bamwalimu ba Kabare, Walungu, Kalehe, Idjwi na kandokando yote ya Bukavu, lakini hata weye wa mu muji, wa Kadutu ama wa Nguba, soma tu, juu mutoto wa dada yako ako kule kijijini na siku ingine ni weye unatumaka feza ya dawa. Kuna basichana ba miaka 11 paka 18 banalalaka juu ya meza ya klase saa ine ya asubui, kupanda kilima wanasimama mara tatu kwa kutafuta pumzi, pwe za masomo zinashuka, na sisi tunasema ni buvivu, ama amepata bwana, ama bamemuloga. Mara mingi ni damu njo kidogo. Banganga banaita anemi. Kuitunza haiombi feza mingi, inaomba kufata mpango miezi na miezi, na pale njo watu banashindwa.

Juu ya nini basichana zaidi

Mu damu muko kitu inaitwa hemoglobini, njo inabeba hewa tunapumua kuipeleka mu mwili yote, na ile hemoglobini mwili inaitengeneza na chuma ya mu chakula, fer banavyosema ku santre ya afya. Musichana wa ile myaka anakomaa mbio, mwili inaomba chuma mingi, na wakati uleule anaanza kuona mwezi. Mililita moja ya damu inabeba karibu nusu ya miligramu ya chuma, ni kusema akipoteza mililita 40 kwa mwezi, miligramu 20 ya chuma imeenda. Chuma ya majani na maharagi nayo tumbo inakamata kidogo tu, mara mingi haifiki 10 kwa 100. Piga hesabu ya mutoto anakunywa chai ya sukari na kipande ya muhogo saa kumi na mbili, anatembea paka masomo, anarudi saa munane, anakula bukari na sombe mara moja, bas. Kaka yake anakula sahani ileile, mara mingi njo anapewa nyama ya kwanza (tusifichane), na yeye hapotezi damu kila mwezi.

Ongeza minyoo. Kuna ile inaingia kupitia ngozi ya muguu ukitembea peku mu udongo wenye mavi, inaenda kukaa mu matumbo inanyonya damu polepole, hausikii kitu. Ongeza malaria inayovunja damu mbio kupita vile mwili inaitengeneza, na kama unakaa karibu na maji, bilharzia, minyoo ingine ya mu maji.

Uchunguzi wa EDS (ile ya inchi yote juu ya watu na afya) wa 2013-2014 ulikuta mu Kongo yetu wanawake 38 kwa 100 ba miaka 15 paka 49 banapungukiwa damu. Ni kusema haiko ugonjwa wa familia fulani wala wa maskini peke yao.

Namna ya kumwangalia nyumbani

Fanya mchana, inje ya nyumba, haiko na tochi ya telefone ndani ya jikoni. Mwambie aangalie juu, vuta chini kope ya chini na kidole gumba (nawa mikono kwanza), angalia ile ngozi ya ndani: inapashwa kuwa nyekundu yenye kuchangamuka. Kama ni ya rangi ya kuzimika, karibu nyeupe, iko shida. Kisha afungue kiganja, weka kando ya kiganja yako ama ya dada yake mwenye afya, angalia ile mistari. Makucha pia, kama hajapaka veruni.

Kisha muulize, lakini muulize pembeni, haiko mbele ya bapapa na wageni. Anaona kizunguzungu akisimama? Moyo inapiga sana akipanda kilima yenye zamani alikuwa anapanda mbio? Anakula udongo, makala, mchele mubichi? Hii ya udongo bamama wengi banaificha juu ni haya, na basichana ndiyo kabisa, lakini mwenye kutamani udongo ama mchele mubichi kila siku, mara mingi mwili yake inakosa chuma. Usimuchape. Mupeleke bamupime.

Muulize na siku zake. Zinapita siku 7? Anabadilisha kitambaa ama kotekisi kila saa moja ama mbili? Anatoka mabonge-mabonge makubwa ya damu? Kama ni ndiyo, hata umupe vinini vya chuma kilo moja haitakuwa na faida bila munganga kuangalia ile mwezi kwanza, juu unajaza ndoo yenye imetoboka. Na tafazali, mama, kama hujawahi kuongea naye juu ya mambo ya mwezi, hii njo nafasi. Mutoto mwingine anatoka damu siku 10 anafikiri wote njo wako vile.

Kuangalia macho haitoshi

Anemi kidogo haionekanake ku macho. Inaomba kupima Hb, ni kusema ile hemoglobini: banatobola kidole, tone moja ya damu, jibu inatoka palepale kama santre iko na kile kiyamashini, ama kwa labo. Kwa musichana wa miaka 12 na kupita, asiyekuwa na mimba, OMS (shirika ya afya ya dunia) inasema hivi: gramu 12 kwa desilita na kupanda ni muzuri, 11 paka 11,9 ni anemi kidogo, 8 paka 10,9 ya katikati, chini ya 8 ni kali. Kwa wa miaka 11 na kushuka banaanzia 11,5. Omba bakuandikie namba ku karti ama mu kaye, usikubali tu "ako na damu kidogo", juu kisha mwezi moja utahitaji kulinganisha.

Kitu moja ya kwetu huku milimani: ziwa Kivu yenyewe iko karibu metre 1460 juu ya bahari, na Kabare na Walungu banapanda tena juu yake. Huku juu hewa ni nyepesi, mwili inatengeneza hemoglobini zaidi kwa kujisaidia. Njo maana OMS inaomba banganga bapunguze kidogo ile namba kwa watu ba milimani mbele ya kusema ni muzuri. Mutoto wa Walungu mwenye 12 kamili anaweza kuwa anapungukiwa. Muulize infirmie kama amefanya ile hesabu, utaona atakushangaa kidogo lakini ataifanya.

Na mbele ya kuanza vinini, kama mutoto alikuwa anaumwa mifupa tangu budogo, macho yanakuwa ya manjano, alishapewa damu mara mingi, uliza bapime drepanositozi, ile SS. Ile ni anemi ingine kabisa, ya kuzaliwa nayo, chuma haiiponyeshe, na mwenye ameshaongezwa damu mara na mara anaweza kuwa na chuma ya kupita kiasi mu mwili.

Vinini: vipi, ngapi, na namna ya kumaliza

Kuko mambo mbili tofauti, watu banazichanganya.

Ya kwanza ni kukinga, kwa basichana bote ba masomo wenye bameshaanza kuona mwezi, hata wenye kusikia muzuri. Pahali wenye kupungukiwa damu banapita 20 kwa 100, OMS inaomba kinini moja kwa wiki, chuma miligramu 60 na asidi foliki miligramu 2,8, miezi tatu, kisha bapumzike miezi tatu, kisha banaanza tena. Pahali inafika 40 kwa 100 na kupita, banapeana kila siku miezi tatu mu mwaka, chuma miligramu 30 paka 60. Ile kinini ya bamama ba mimba ya ku CPN (pale banapimaka mimba) iko na chuma 60 pia lakini foliki ni 0,4 tu, sasa kama njo ile peke yake iko, infirmie titilere, mukubwa wa santre, njo atasema.

Ya pili ni kutunza mwenye bameshapima na Hb iko chini. Pale ni kila siku, kipimo ya munganga, mara mingi inafika miligramu 120 za chuma kwa siku, na haikome siku mutoto anasema nimepona. Chembe nyekundu ya damu inaishi karibu siku 120, kisha inakufa, mwili inatengeneza ingine, na stoki ya chuma nayo inapashwa kujaa. Njo maana banasema miezi tatu. Kisha wiki mbili atakuwa anacheka na kuruka kamba, mama anaweka vinini vyenye vinabakia juu ya kabati, kisha miezi ine tunarudi palepale. Hii njo kosa ya kwanza mu vijiji, kupita hata kukosa dawa.

Namna ya kumeza: na maji, haiko na chai, haiko na maziwa. Tumbo tupu chuma inaingia muzuri zaidi, lakini basichana wengi banasikia kichefuchefu banaacha, sasa mimi nasema ni heri ameze kisha kula na amalize miezi tatu. Akamulie ndimu mu maji ama ale pera kando yake, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Mwambie mbele: mavi itakuwa nyeusi, ni chuma yenye imebakia, haiko damu wala sumu. Usipomwambia, siku ya pili ataona mu choo na ataogopa, na kisha hapo umemupoteza.

Hifazi vinini juu kabisa, mu kopo yenye kufunga. Mutoto mudogo akimeza vinini vya chuma mingi anaweza kufa, banafikiri ni bombo juu ya ile rangi. Hii siongezi chumvi. Ikitokea, mbio ku hopitali, usingojee atapike.

Ku masomo, bamwalimu, hivi njo inatembea

Mukipeana kila mutoto vinini abebe nyumbani, nusu hazitamezwa. Chagueni siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, kisha rekreasion, wakati bameshakula angalau mikate ama beinye. Mwalimu moja mwanamuke njo anashika kaye: jina, tarehe, alama. Bidon ya maji safi, kila moja na gobele yake. Anameza mbele yenu, bas, dakika kumi klase yote imemaliza. Asiyekula asubui mumuache ameze magaribi nyumbani. Mwenye ako na homa asimeze siku ile, apimwe malaria kwanza.

Sasa mbele ya Jumatano ya kwanza, iteni bazazi. Usiruke hii. Kwetu kila mutu anajua ile kinini ni ya bamama ba mimba, na musichana wa miaka 15 akionekana nayo mu sakoshi, magaribi kijiji yote imeshamuzalisha. Mama moja anaweza kusimama mu kutaniko na kuuliza, "Mwalimu, munapatia mutoto wangu dawa ya mimba juu ya nini, ama ni ya kumufunga asizae?" Usimucheke wala usimukasirikie, ni ulizo ya akili. Mujibu: mama, ulipokuwa na mimba bakupatia ile juu damu ilikuwa ya kutosha watu wawili, haikukufunga, ulizaa na kisha ukazaa tena. Mutoto wako anakomaa na anatoka damu kila mwezi, naye inamuomba chuma. Hakuna dawa ya kufunga uzazi ndani. Kisha mwalimu ameze moja mbele yao na maji. Nimeona kutaniko inapoa palepale. Pasta, padiri, ama mukubwa wa nyumba kumi kama anakubali kusimama kando yenu, muzuri zaidi, juu kuna watu hawasikiaka mwalimu lakini banasikia pasta.

Na bavulana baelezwe pia juu ya nini ni basichana peke yao, ama itakuwa muzaha mwaka muzima.

Sahani

Hapa kuna chakula yetu ya kutosha, shida ni namna tunaichanganya.

Sambaza kwanza. Ile samaki kidogo ya ziwa Kivu, yenye balileta kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, unaikula nzima na kichwa na mifupa, na chuma ya samaki na nyama inaingia mu mwili muzuri kupita ya majani, tena inavuta na ile ya majani ndani. Ni kusema ngumi moja ya sambaza juu ya sombe inafanya kazi mara mbili. Ndakala za kukauka pia, usaga uweke mu muchuzi kama hawapendi kuziona. Ini ya ngombe ama ya kuku ikipatikana, hata kidogo kwa wiki, patia musichana kwanza, haiko papa. Najua hii maneno itanigombanisha na bapapa, lakini papa hana mwezi. Mu nyumba mingi za Kabare na Walungu kuna kobayi mu jikoni wanakimbia chini ya kitanda, batoto banafuga, banauza juu ya kaye na minerval. Chinja moja moja pia, ile ni nyama.

Maharagi: lowesha tangu magaribi, mwaga ile maji, pika na maji ingine. Inapunguza kitu mu maharagi yenye kufunga chuma, na makala unachoma kidogo. Na kama unalima, uliza mbegu ya maharagi ya chuma mingi, INERA (ile ya serikali inachunguza mambo ya kulima) ya Mulungu palepale Kabare iko kati ya wenye bameitumikia. Maharagi ya kawaida iko na karibu miligramu 5 za chuma mu gramu 100 za kukauka, zile zenye bameboresha zinaelekea 9. Unapanda kilekile, unapika kilekile, hakuna mutu mu nyumba atajua.

Lenga-lenga, sombe, majani ya maharagi, vyote muzuri lakini vitamini C inakufa mu sombe yenye imechemka masaa mbili, na sombe huwezi kuipika kidogo juu ya ile sumu ya muhogo. Bas ongeza kitu kibichi kando: tomati ya kukata na kitunguu, ndimu juu ya samaki, pera, chungwa, papai, marakuja. Mapera yanaoza chini ya miti kule Kavumu na Katana na mutoto anauza beinye anunue sukre ya chupa.

Na chai. Hapa njo nitakuwa mukali. Chai na kahawa zinafunga chuma mu tumbo, na sisi tunakaa katikati ya mashamba ya chai na kahawa, tunakunywa na kila kitu. Sisemi muache. Nasema tu: chai iwe mbali na chakula na mbali na kinini, saa moja angalau, mbili muzuri zaidi. Asubui peana uji wa sosoma (soya, sorgo na mahindi) pahali pa chai ya rangi, mutoto anaenda na nguvu.

Minyoo, miguu, neti

Albendazoli miligramu 400 ama mebendazoli 500, kinini moja mara moja, mara moja ao mbili kwa mwaka kufatana na pahali, siku banaleta ku masomo usifiche mutoto nyumbani. Mwenye anaweza kuwa na mimba aseme kwanza. Viatu, hata sandale ya plastiki, zaidi ku choo na ku shamba. Neti kila usiku, na iwe ya kulalia, haiko ya kuvulia sambaza wala ya kufunika miche.

Vitu vyenye muache kutumia feza

Sukre nyekundu na tomati ya kopo na maziwa, ile banachanganya banaita "damu", haina chuma ya maana, rangi nyekundu haigeuke damu. Sero ya kutundika ku farmasi ya kona, ni maji na sukari ama chumvi, mutoto atasikia nguvu masaa mbili tu. Sindano za vitamini, zilezile. Siro za damu zingine ziko na chuma lakini bei ya chupa moja ingenunua vinini vya miezi, soma nyuma kama banaandika chuma ngapi. Na kuongezwa damu ni ya mutu mwenye ako mu hatari kubwa peke yake, munganga njo anaamua, mutu asiende kuiomba juu ya Hb ya 9.

Lini kukimbia

Anapumua mbio hata akikaa, moyo inapiga nguvu bila kazi, anazimia, miguu inavimba, anatoka damu haikome, kope na ulimi vyeupe kabisa, homa kali na mukojo ya rangi ya koka: ile siku hakuna vinini wala majani, ni motari mbio paka hopitali, hata usiku.

Kwa wengine, rudi kupima kisha wiki ine. Kama alimeza kila siku, Hb inapashwa kupanda angalau gramu 1. Ikipanda, endelea paka miezi tatu iishe. Kama haijapanda, uliza mutoto kwa upole kama alikuwa anameza kweli ama alikuwa anazitupa mu choo, hesabu vinini vyenye vinabakia mu kopo, na kama hesabu iko sawa, murudishe kwa munganga batafute ingine: minyoo, malaria ya kurudi-rudi, mwezi nyingi, SS, ama mimba. Ubebe ile kaye yenye balikuandikia namba ya kwanza.